Ugumu wa Kuanza: Jinsi Miradi Mipya Inavyosimama Thika na Ruiru

Ugumu wa kuanza ni kipindi kilicho kati ya siku mtu anapoamua kufanya jambo na siku jambo hilo linapoanza kumpa majibu kutoka nje ya kichwa chake: mteja anaponunua au kukataa, mche unaposhika au kukauka, mwanafunzi wa kwanza anapolipa karo. Kipindi hicho huweza kuchukua wiki mbili, huweza kuchukua miaka kumi. Wako wanaozeeka humo, wana daftari lenye mahesabu safi na jina la kampuni lililochaguliwa zamani, ila hawajauza hata yai moja.

Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu, inafaa sana kwa kulichunguza jambo hili. Thika iko kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa Nairobi. Reli iliifikia mwaka 1913, na baada ya hapo ikakua kuwa mji wa viwanda: nguo, mafuta ya kupikia, mananasi ya kopo, magari ya kuunganishwa. Ruiru kwa muda mrefu ilikuwa kituo kidogo tu katikati ya mashamba ya kahawa na mkonge. Sensa ya 2019 iliikuta na watu wapatao 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Barabara kuu ya Thika ndiyo iliyosukuma mambo. Upanuzi wake ulianza 2009 na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Watu walihama kutoka Nairobi kufuata nyumba za bei nafuu, wakafika mtaani wakakosa bucha, kinyozi, shule ya chekechea na mtu wa kuleta maji ya mtungi. Kila pengo lilikuwa mradi unaomngojea mwenyewe.

Lakini pengo kuonekana na watu wote ni jambo moja, na mtu kuamka asubuhi akaenda kuliziba ni jambo lingine.

Ugumu wenyewe uko wapi

Muulize mtu wa Makongeni mjini Thika au Kihunguro mjini Ruiru mbona hajaanza, na jibu litakalotangulia ni mtaji. Mara nyingi anasema kweli. Hata hivyo jibu hilo lina faida nyingine: halimlaumu mtu yeyote na halihitaji maelezo zaidi. Ukikaa naye kidogo, mengine hujitokeza. Hajui hasa atamuuzia nani. Ana kazi ya mshahara mdogo ambao haumtoshi, ila akiiacha hana kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Anaogopa askari wa kaunti. Anaogopa zaidi majirani, kwa kuwa kufunga kibanda miezi mitatu baada ya kukifungua ni aibu inayopitwa na watu kila siku wakienda stejini. Au basi ameuchora mradi kwa ukubwa ambao hakuna mwezi hata mmoja wa maisha yake unaoweza kuubeba.

Haya ni magonjwa tofauti na hayatibiwi kwa dawa moja. Mkopo humsaidia aliyekosa mtaji. Asiyejua soko, mkopo humwongezea riba juu ya kutojua kwake. Mafunzo nayo yana mipaka. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Togo kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya semina za ujasiriamali, yaani uwekaji hesabu, uuzaji, upangaji fedha. Kundi la pili lilifundishwa tabia ya kujianzishia mambo: kutafuta fursa kabla ya kuambiwa, kujiwekea malengo, kurudi tena baada ya kikwazo. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza ilipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Kwa hiyo cheti cha semina, pamoja na chai na mandazi yake, hakimvushi mtu mlangoni peke yake.

Wanasaikolojia wanaongeza sababu moja iliyo ndani ya namna tunavyonuia. Peter Gollwitzer, katika makala yake ya 1999, alitenganisha nia ya lengo na nia ya utekelezaji. Anayesema "mwaka huu nitafungua saluni" ana nia ya kwanza tu. Anayesema "Jumatatu nikitoka kazini saa kumi na moja nitapitia saluni ya pale karibu na steji niulize kiti kinakodishwa pesa ngapi" ana nia ya pili: ametaja siku, mahali na tendo moja lenye mwisho. Watu wa namna ya pili hutekeleza zaidi, kwa sababu ikifika saa kumi na moja hakuna tena la kuamua.

Kuanzia kwa kile kinachoweza kupotea

Mwaka 2001 Saras Sarasvathy, mtafiti mzaliwa wa India anayefundisha Marekani, alieleza alichokiona baada ya kuwapa waanzilishi 27 wenye uzoefu mkubwa tatizo la biashara ya kubuni walitatue. Wengi wao hawakuanza na lengo kisha wakatafuta fedha za kulifikia. Walianza na walichonacho, yaani wao ni nani, wanajua nini na wanamjua nani. Kisha wakajiuliza wako tayari kupoteza kiasi gani, na faida itakayopatikana wakaiacha ije baadaye. Mama mboga wa soko la Madaraka hajasoma makala hiyo, lakini kanuni yake anaiishi: ananunua nyanya za pesa anazoweza kuzikosa ikinyesha siku nzima.

Mradi unaoonyesha jambo hili vizuri ni kuku, kwa sababu katika Kaunti ya Kiambu karibu kila mtu ana shangazi aliyewahi kuwafuga na binamu aliyewahi kupata hasara nao. Kuku wa nyama hukomaa kwa wiki tano au sita. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Anayeanza na wa mayai analisha karibu miezi mitano bila kuona shilingi, na kosa lolote la wiki ya kwanza analigundua akiwa ameshamaliza akiba. Anayeanza na wa nyama hupata majibu kabla ya mwezi wa pili kwisha, awe amefaulu au amefeli. Kwa mwanzilishi, kasi hiyo ya majibu ina thamani kuliko ukubwa wa faida.

Tuseme basi ni vifaranga 50 katika chumba cha nje huko Juja Farm. Sakafuni kuna maranda, na juu yake magazeti ya siku mbili tatu za mwanzo ili vifaranga wasile maranda wakidhani ni chakula. Hadibodi imezungushwa duara, kwa kuwa chumba chenye pembe huwafanya warundikane penye baridi na wa chini wakakosa hewa. Katikati kuna jiko la makaa, na dirisha limeachwa wazi kidogo ili moshi usiwaue. Hakuna haja ya kipimajoto cha bei kubwa siku hiyo. Wakijikusanya chini ya jiko wakilia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wakala na wengine wakalala, mambo ni sawa. Chanjo ya Gumboro hutiwa katika maji ya kunywa, na maji hayo hayafai kuwa ya mfereji yenye klorini. Haya yote mwanzilishi aliyasoma au aliambiwa, ila hakuna anayeyajua mpaka aamke saa tisa usiku kutazama jiko.

Vifaranga 50 wakifa 15, hiyo ni hasara ya kulipwa na kusahauliwa. Wakifa 300 kati ya 1,000 waliolelewa katika banda la mkopo, familia nzima itakuwa na kikao. Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama, asilimia 60 hadi 70, kwa hiyo kosa la kulisha huzidishwa na idadi ya midomo. Kwa maoni yangu banda ndilo mtego mkuu wa miradi ya Ruiru. Watu hujenga kwanza. Banda linaonekana, linapigwa picha, linaonyeshwa kwa wageni, linampa mwenyewe hisia kwamba ameanza. Kumbe hajaanza. Amehamisha akiba yake kutoka benki kwenda kwenye mabati, na swali la nani atanunua kuku halijaguswa.

Swali hilo laweza kuulizwa kabla ya kifaranga kununuliwa. Unaingia hotelini wakati hakuna wateja wengi, mnamo saa nne asubuhi, unaagiza chai, kisha unamwuliza mwenye hoteli: "Mama, kuku huwa unaletewa na nani, na wa kilo ngapi?" Akijibu kwamba anataka wa kilo moja na robo, waliochinjwa na kunyonyolewa, kumi kila Ijumaa, umepata mpango wa biashara ambao hakuna mshauri angekuandikia. Akikwambia ana mtu wake wa miaka minane na haendi kokote, hiyo pia ni taarifa, na umeipata kwa bei ya chai.

Fedha na muda wake

Fedha za kuanzia zipo za aina nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tatizo kubwa ni kulinganisha muda wa fedha na muda wa mradi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, hutoa mkopo wa mtu binafsi wa kati ya shilingi 500 na 50,000 kupitia simu, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa kama akiba. Muda wa kulipa ni siku 14. Kwa anayenunua mboga alfajiri na kuzimaliza jioni, siku 14 ni muda mrefu. Anayefuga kuku wa nyama bado ana mwezi mzima wa kulisha siku hizo zikiisha. Mkopo ule ule unaomwinua mmoja humwingiza mwingine katika orodha ya wasiolipa, bila yeyote kufanya uvivu.

Chama cha kuchangiana kwa zamu kina kasoro zake, hasa pale mweka hazina anapohama mtaa, lakini kina sifa mbili zinazosaidia mwanzoni. Zamu yako inajulikana mapema, kwa hiyo mradi unapata tarehe. Na kuna watu kumi na wawili ambao mwezi ujao watauliza pesa zilifanya nini. Hata akiba ya kawaida ina nguvu ya namna hiyo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti uliochapishwa 2013, waliwafungulia wafanyabiashara wa Bumala, huko Busia, akaunti za benki zisizo na riba na zenye ada ya kutoa fedha. Wanawake wachuuzi wa sokoni waliongeza walichokiwekeza katika biashara zao, ingawa akaunti yenyewe haikuwapa hata senti ya ziada. Kwa waendesha bodaboda za baiskeli mabadiliko kama hayo hayakuonekana. Pesa iliyokaa mbali na mkono, na mbali na shemeji mwenye shida, ilibaki kwa ajili ya kazi yake.

Leseni

Hapa maneno ni machache. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, PIN ya KRA hupatikana mtandaoni, na kibali cha biashara hutolewa na kaunti kwa mwaka. Anayeshika chakula cha kuuza anahitaji cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi sita. Bidhaa iliyofungashwa, kama mtindi au siagi ya karanga, inahitaji alama ya ubora ya KEBS kabla duka kubwa halijakubali kuipanga rafuni. Ugumu hutokea mtu anapovitazama vyote kwa pamoja kama ukuta. Viko kwa ngazi, na kila ngazi ina ukubwa wake wa biashara. Cheti cha afya ni cha siku ya kwanza, kwa sababu kinahusu tumbo la mteja. Alama ya ubora ni ya siku utakapotaka kuingia madukani, na kabla ya hapo una kazi ya kuhakikisha mtindi wako haugandi tofauti kila Jumanne.

Kuanzia chini ya mwavuli wa mwingine

Vyuo vikuu vya eneo hili vyenyewe vilianza kwa ngazi. Kile cha Juja kinachoitwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981 kikiwa chuo cha kati, kwa msaada wa Japani. Mwaka 1988 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikasimama chenyewe. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika kilitokana na Thika Institute of Technology, chuo alichokianzisha Simon Gicharu, aliyekuwa mwalimu, katika miaka ya 1990, wakati watu walipokuwa wanataka kujua kompyuta na waliojua kuifundisha walikuwa wachache. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili kiliipata Januari 2011. Anayetazama majengo yake leo anaona mwisho wa mlolongo na kudhani ndio mwanzo.

Njia hiyo ya kukaa kwanza ndani ya kitu cha mtu mwingine iko mitaani pia, bila jina kubwa. Msusi hukodi kiti katika saluni ya mwenzake. Mwokaji huomba kutumia tanuri la hoteli baada ya saa tatu usiku, wakati limelala. Fundi wa simu huweka meza yake mlangoni mwa duka la nguo na kugawana stima. Kodi inakuwa ndogo, wateja wa mwenyeji wanapita mbele yako, na ikibidi kuacha, unabeba vifaa vyako unaondoka bila bango la kushusha. Ile aibu ya majirani inakuwa imepungua bila mtu kuizungumzia.

Hata viwanda vikubwa vimepitia mapito ya aina hii. Bhimji Depar Shah, mwanzilishi wa Bidco, hakuanza na mafuta ya kupikia. Alianza na kutengeneza nguo Nyeri mwaka 1970, akaingia katika sabuni mwaka 1985, na ni mwaka 1991 ndipo kiwanda cha mafuta kilipoanza Thika. Mwaka 2002 kampuni yake ikanunua kutoka Unilever majina ya Kimbo na Cowboy, mafuta ambayo akina mama wa Kenya walikuwa wakiyakaangia kwa miaka mingi. Kati ya cherehani na Kimbo kuna zaidi ya miaka 30, na katika kila hatua alikuwa na biashara inayoingiza fedha wakati anaanza nyingine.

Isiyowezekana kuanza kidogo

Ushauri wa kuanza kidogo haufai kila mahali, na wanaouhubiri mara nyingi hulisahau hilo. Tanuru la chuma haliwashwi nusu. Aina mpya ya kahawa haipatikani kwa majaribio ya wikendi. Mnamo 1967 na 1968 ugonjwa wa chulebuni uliharibu kahawa ya Kenya vibaya sana. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilianza mpango wa kuzalisha mbegu kinzani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aina ya Ruiru 11 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mbegu yake ilibidi itengenezwe kwa mkono: ua la mti wa kike huondolewa chavua kabla halijafunguka, kisha hupakwa chavua ya mti mwingine uliochaguliwa. Kazi ya miaka kumi na zaidi kama hiyo haianzishwi na mtu mwenye zamu ya chama. Inahitaji taasisi yenye bajeti na watu ambao hawatafukuzwa kwa sababu mwaka wa nne bado hakuna cha kuonyesha.

Kisha kahawa hiyo ilipofika shambani, ugumu wa kuanza ukahamia kwa mkulima. Ruiru 11 haihitaji dawa nyingi na hupandwa kwa msongamano, miti 2,500 au zaidi kwa hekta wakati aina ya zamani ya SL28 hupandwa 1,330 hivi. Lakini kuipata shambani maana yake ilikuwa kung'oa miti ya SL28 iliyokuwa ikilipa karo za watoto, kisha kungoja. Wengi hawakung'oa, na hawakuwa wajinga. Suluhisho lilikuwa kupandikiza. Mti wa zamani hukatwa, machipukizi yake hubandikwa kikonyo cha aina mpya, na mizizi iliyokomaa huulisha mti mpya kwa kasi kuliko mche wa kitaluni. Mkulima aliweza kufanya mistari michache mwaka huu na mingine mwaka ujao, huku sehemu iliyobaki ikiendelea kuzaa. Mradi uliokuwa hauwezi kugawanywa ukagawanyika, na bila mkopo.

Kalenda

Kila anayeanza hukadiria muda mfupi kuliko utakaotumika. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hii mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34, nao walitumia 55 na zaidi. Dawa iliyo rahisi ni kutouliza "mimi nitachukua muda gani" bali "wenzangu watatu waliofanya hivi walichukua muda gani", kisha kuliamini jibu hata kama unajiona hodari kuliko wao.

Kwa Thika na Ruiru kalenda ina mambo yake. Januari si mwezi wa kuuza kitu cha anasa, kwa sababu pesa zote zimekwenda kwenye karo na sare. Anayetegemea wanafunzi wa Juja au wa vyuo vya Thika afungue wakati vyuo vinafunguliwa. Likizoni mtaa huwa mtupu, na kibanda kizuri kabisa kitaonekana kimefeli. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huifanya barabara ya vumbi ya mtaani kuwa tope, na mteja wa miguu hatapita. Na anayetaka kuuza kuku wa Krismasi anahesabu kurudi nyuma: wiki sita kabla ya Desemba 25 ni katikati ya Novemba, hapo vifaranga wawe wameshaingia ndani. Kwa kuwa kila mfugaji wa kaunti ana wazo hilo hilo na vituo vya kutotolesha huuza kwa oda, oda iwekwe Oktoba, na kabla ya oda hiyo awe ameshakunywa chai katika hoteli kadhaa.